Banda la Kuku Juu ya Kisima

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimejaza fomu ya kujiunga na timu. Swali la saba: "Je, una ndugu wa karibu anayeishi ndani ya kilomita tano kutoka eneo lolote linalochunguzwa?" Nikaandika HAPANA kwa herufi kubwa. Shangazi yangu anaishi mita mia tisa kutoka eneo Namba Tatu. Ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka minne. Ningeandika ndiyo, wangemchukua mtu mwingine, nami ningerudi kupiga chapa ripoti za wenzangu. Kazi hii nimeisubiri miaka sita. Sababu ni hiyo tu, na nimeiandika hapa ili baadaye nisije nikajitungia nyingine nzuri zaidi.

Kazi yenyewe ni kutafuta mahali pa kujenga ghala la taka za mionzi. Ni vyuma vilivyotoka kwenye mashine za kutibu saratani na vipimo vya zamani vya viwandani. Kwa sasa vimerundikwa kwenye bohari nyuma ya hospitali kuu, ukuta mmoja na chumba cha kufulia. Wafuaji wanaanika mashuka hatua kumi kutoka kwenye mlango wenye alama ya njano. Namba Moja imekataliwa kwa sababu ya mwamba uliopasuka, Namba Mbili iko jirani na kiwanja cha ndege. Imebaki Namba Tatu. Mimi kazi yangu ni kupima maji ya ardhini.

Alhamisi, 6 Machi

Safari yangu ya kwanza na timu. Dereva wetu tunamwita Haraka, kwa kuwa hajawahi kuwa nayo. Kilomita kumi na nne za mwisho, kutoka barabara kuu hadi kijijini, zimetuchukua saa moja na nusu, na hapo ni ukavu mtupu.

Kijiji kizima kilikuwa kinatusubiri. Mama wa nyumba ya tatu, aliyenichapa nikiwa na miaka tisa kwa kuiba mapera yake, alinipa mkono akasema, "Karibu sana, mheshimiwa." Watoto niliosoma na mama zao wakapanga mstari kunisalimia kama mgeni. Hakuna aliyeniita kwa jina langu la nyumbani. Shangazi mwenyewe aliniuliza mbele ya Mkuu wetu, "Na wewe binti umetokea wapi?" Nilitamani kucheka na nilitamani ardhi ipasuke, vyote kwa pamoja. Wameshakubaliana. Hakuna aliyewaambia kuhusu fomu, ila wamehisi wenyewe kwamba mtu wao akiwa ndani, ni bora asijulikane.

Wanalitaka ghala. Malori ya kubebea makasha ya madini ya risasi, yanayozuia mionzi, hayapiti kwenye matope, kwa hiyo ghala likija, barabara ya lami inakuja nalo, na zahanati juu yake. Ninajua kwa nini Shangazi anaitaka barabara kuliko wote. Binti yake wa mwisho, niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi, alishikwa na uchungu katikati ya masika miaka saba iliyopita. Wanaume wanne walimbeba juu ya kitanda. Walifika kilomita ya tisa.

Jumatano, 12 Machi

Leo ilikuwa siku ya kuorodhesha visima. Sharti mojawapo ni kwamba chini ya mteremko, ndani ya kilomita moja kutoka ghala, pasiwe na kisima kinachopata maji kutoka kilimani. Mkuu wetu, ambaye ni bingwa wa miamba na tunamwita Bwana Mwamba, aliwasomea watu masharti yote mwezi uliopita kwenye mkutano wa hadhara, moja baada ya jingine, kwa sauti ya kuhubiri. Anaamini sana uwazi. Wao walisikiliza sana.

Nilizunguka na kifaa changu nikaandika visima kumi na kimoja, vyote upande wa pili wa kijiji, salama. Nikateremka shamba la chini la Shangazi kuandika cha kumi na mbili. Hakikuwepo. Palikuwa na banda la kuku, jipya, mbao bado zinanuka utomvu, kuku sita wametulia humo kama wenye hati.

Shangazi alikuwa anapalilia pembeni. Nilihakikisha Bwana Mwamba yuko mbali.

"Shangazi, kisima kiko wapi?"

"Kisima gani?"

"Hiki nilichoteka maji mpaka nikaota sugu."

"Aa, hicho. Hicho kilikauka, mwanangu."

"Kikakauka, kikaota kuku?"

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Kisha akaacha kucheka. "Kuku walikuwa wanamalizwa na kicheche. Nikawajengea pahali pa maana. Kuna ubaya?"

"Nani kajenga?"

"Sote," akasema. "Siku moja tu."

Nilisimama pale na kalamu. Ninakijua kisima kile kuliko ninavyoujua uso wangu. Udongo wa kilimani ni mwekundu na wa huku chini ni wa kijivu. Kila mvua kubwa ilipopiga kilima, siku ya pili maji ya kisima chetu yaligeuka mekundu. Tulipokuwa watoto tulisema kilima kimejikata. Sasa nina shahada mbili na ninajua maana yake: kuna ufa ndani ya mwamba, na maji yanateremka kutoka pale litakapojengwa ghala hadi hapa kwa siku mbili. Mabomba manne ambayo timu ilichimbia kilimani kupima maji hayakuugusa ufa huo. Mtu pekee anayeujua kwenye timu ni mimi.

Bwana Mwamba akaniuliza garini, "Visima vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Vizuri," akasema, akaandika.

Alhamisi, 13 Machi

Sijalala vizuri. Nimejiambia hivi: kisima kimefukiwa, hakuna anayekunywa, kwa hiyo hakuna anayedhurika. Nimejiambia mara tatu, na kila mara nilijibu "lakini".

Jumatano, 19 Machi

Mvua ya kwanza. Mabomba yote manne yako vizuri, maji yako chini mita ishirini na mbili. Shangazi alitupatia chai. Alimwekea Haraka vikombe vitatu na kumwita "baba", naye akalainika kama siagi.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua. Tumekwama mara mbili. Mabomba vizuri.

Jumamosi, 5 Aprili

Mvua, mvua, mvua. Nimefua nguo zangu, hazikauki. Nimepita nyuma ya hospitali makusudi. Mfuaji mmoja, mama wa makamo, alikuwa ameketi kwenye ngazi ya bohari akimenya chungwa, mgongo wake umeegemea mlango wenye alama ya njano. Nilimwambia asikae pale. Akaniambia ndipo penye kivuli wakati wa jua na ndipo pakavu wakati wa mvua, akanipa kipande cha chungwa. Nikipita huku najiona mwema kwa kunyamaza, maana vyuma vile lazima viondoke. Sijawahi kuona mtu mwenye sababu nyingi nzuri kama mimi.

Jumatano, 9 Aprili

Leo nimeteremka peke yangu hadi bondeni, kilomita mbili chini ya shamba la Shangazi, kuandika chemchemi ya shule. Nje ya mpaka wetu wa kilomita moja, hailazimiki, ila Bwana Mwamba anapenda ramani zilizojaa. Mwalimu mkuu wa pale ni mtu mrefu, mpole, mgeni wa eneo hili, ana miaka minne tu tangu aletwe. Amejenga kingo za chemchemi kwa mikono yake na kuweka bomba ili watoto wasiinamie tope. Watoto wa kijiji cha Shangazi nao husoma kwake. Anawajua wote kwa majina na kwa utundu wao.

Nikamuuliza, kama ninavyouliza kila mahali, "Maji haya huwa yanabadilika?"

"Kidogo tu. Mvua ikipiga sana kule kilimani, siku ya pili au ya tatu yanakuja mekundu. Tunayaacha yatulie kwenye ndoo, halafu tunakunywa."

Nilimwomba arudie. Akarudia, akashangaa kwa nini ninakaa chini.

Kwa hiyo maji hayakuishia kisimani. Hayakuwahi kuishia pale. Tulifunika dirisha tukadhani tumezuia upepo. Watoto mia moja na themanini na wanne wanakunywa kutoka kwenye ufa ule, na sabini na watatu kati yao ni wa kijiji kilichojenga banda.

Ghala huwa linajengwa imara, kwa zege na chuma, na Bwana Mwamba angeniambia halitavuja leo wala kesho. Ni kweli. Ila tunajenga kwa miaka mia tatu, na hakuna zege niliyoiona ikimaliza mia tatu. Ndiyo maana kuna masharti, na ndiyo maana tunapima.

Jumamosi, 12 Aprili

Niseme? Nikisema kuna kisima, wataniuliza nimejuaje. Nikijibu, swali la saba. Na Shangazi atakuwa mwongo mbele ya serikali, yeye na kijiji kizima, na barabara imekufa. Nilikuwa naandika barua kwa Mkuu, nimechana mbili.

Jumatatu, 14 Aprili

Nimepata njia. Naandika kwa aibu kwamba nilifurahi nilipoipata. Kuna rangi ya kijani tunayomwaga ndani ya ardhi ili kufuatilia maji. Haina madhara. Unaimwaga juu, unasubiri itokeze chini. Nikamwambia Bwana Mwamba, "Kwa ukamilifu tu, tumwage rangi kilimani na tuchukue sampuli kwenye chemchemi ya shule."

Akasema, "Hailazimiki." Kisha akafikiri, maana ni mtu mwadilifu. "Lakini haitudhuru."

Rangi itasema, mimi nitanyamaza. Ndivyo nilivyopanga.

Jumanne, 22 Aprili

Tumemwaga rangi saa nne asubuhi, kwenye shimo tulilochimba pale litakapojengwa ghala. Chupa zinatakiwa kujazwa asubuhi na jioni kwa siku tano. Sikutaka nionekane nikizunguka bondeni. Nikamwomba mwalimu mkuu anijazie.

"Ni kazi ya kawaida tu," nikamwambia. "Unajaza, unaandika saa, unazihifadhi gizani."

Alifurahi kuaminiwa. Alisema atawaonyesha darasa la saba jinsi sayansi inavyofanywa.

Jumanne, 29 Aprili

Chupa ya tatu, jioni ya siku ya pili, iling'aa kijani chini ya taa ya maabara. Ya nne ikang'aa zaidi. Bwana Mwamba aliishika, akaigeuzageuza chini ya taa. Kisha akaniangalia. "Ulijuaje pa kutafuta?"

"Bahati," nikasema.

Nimepoteza hesabu ya uongo wangu.

Ijumaa, 9 Mei

Mkutano wa hadhara kijijini. Mvua ya rasharasha, watu wamejifunika magunia. Bwana Mwamba akasema kwa uwazi wake uleule: Namba Tatu imefutwa. "Sampuli zilizochukuliwa katika shule ya bondeni zimethibitisha kwamba maji ya kilimani yanafika kwenye chemchemi." Akaeleza kuhusu rangi, ufa na watoto. Alieleza vizuri. Ila watu walikuwa wameshasikia neno moja, shule, na hawakusikia jingine.

Mama wa mapera alisema kwa sauti, "Kumbe ndiyo zile chupa alizokuwa anabeba mwalimu kila jioni."

"Mgeni ni mgeni tu," mwingine akadakia. "Yeye barabara ya nini? Akichoka anahamishwa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Bwana Mwamba. Ningeweza kusema, mimi ndiye niliyempa chupa. Maneno kumi hayafiki. Nikaangalia viatu vyangu, vilikuwa na tope jekundu mpaka juu.

Wakati wa kuondoka Shangazi alinishika mkono, kwa siri, akanong'ona, "Usijali mwanangu. Wewe ulifanya ulichoweza kwa ajili yetu." Haraka akawasha gari.

Jumanne, 20 Mei

Nimekwenda shuleni kuchukua chupa zilizobaki. Kisingizio. Darasa la saba lilikuwa na watoto kumi na mmoja, tena wote wa bondeni. Wa kijiji cha Shangazi wamezuiwa na wazazi wao tangu mkutano. Kuna mtu ameng'oa bomba la chemchemi usiku wa Jumapili. Mwalimu alikuwa analirudisha kwa waya.

"Mimi nilijaza chupa tu," akaniambia. Hakuwa na hasira, na ndicho kilichonichoma. "Ulisema ni kazi ya kawaida."

"Ni ya kawaida."

"Basi ungewaambia. Wewe wanakusikiliza, nimeona wanavyokuheshimu. Mtihani ni Septemba. Watoto sabini na watatu wako nyumbani."

Nikamwahidi nitawaambia. Nilisema kwa urahisi kama mtu anayeahidi kurudisha sufuria.

Jumapili, 1 Juni

Mvua inakatika. Nimekwenda kwa Shangazi mimi mwenyewe, siyo kikazi, ila bado kwa gari la ofisi, Haraka akiwa amejitolea siku yake. Shangazi alikuwa jikoni anachochea moto. Nikasema yote nikiwa bado mlangoni, nikiogopa kwamba nikikaa chini nitakunywa chai na kuondoka. Fomu. Ufa. Rangi ilikuwa wazo langu. Mwalimu hana kosa.

Hakuinua kichwa. "Najua," akasema.

"Unajua nini?"

"Huyo mwalimu angejuaje mambo ya kilima? Aliyekunywa maji mekundu miaka kumi na nne ni nani, yeye au wewe? Nilijua siku ileile ya mkutano. Nilipokushika mkono ulikuwa baridi."

"Kwa hiyo unaacha wamlaumu?"

"Kwani wewe ulikuwa unafanya nini?"

Alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa.

"Barabara ile ilikuwa ya mwanangu," akasema. "Nilikuwa nimeshampa. Kila nikiamka nilikuwa naiona inapita hapo. Ukaichukua. Nikasema, sawa, nimepoteza mmoja kwa kukosa barabara, sitampoteza wa pili kwa sababu yake. Wamseme mwalimu. Mwalimu si wangu."

"Jumapili ijayo kuna kikao cha kijiji. Nitakuja niwaambie."

Hapo akaniangalia. "Sema ukitaka. Ila ujue utasema kwa dakika tano, utaingia garini, utaondoka. Mimi ndiye nitakayebaki nao. Nitateka nao maji, nitazika nao, nitaugua nikiwaita wao. Fikiria hilo kwanza, halafu uje useme ukweli wako."

Nilirudi mjini bila kunywa chai. Haraka hakuniuliza kitu njia nzima, na kwa mwendo wake njia ni ndefu.

Jumanne, 3 Juni

Nimemwambia Bwana Mwamba kuhusu swali la saba na kisima cha kumi na mbili. Alisikiliza mpaka mwisho akaomba nimwachie ufunguo wa sanduku la vifaa. Kuanzia kesho nipo ofisini, napiga chapa. Alisema tu, "Ningekuwa na heshima kubwa kwako kama ungeniambia tarehe kumi na mbili Machi." Anakumbuka tarehe zote.

Nilidhani nitajisikia mwepesi. Nimesoma mahali kwamba watu hujisikia wepesi.

Jumapili, 8 Juni

Nimekwenda. Haraka alikubali kunipeleka mara ya mwisho. Kikao kilikuwa ndani ya jengo la kuhifadhia mahindi, watu kama sitini, wengine wamekaa juu ya magunia. Waliponiona waliniita kwa jina langu la nyumbani, kwa sababu sasa hakuna tena cha kuficha, na mtu akanisogezea kiti. Kukaribishwa kule kuliniumiza kuliko tusi.

Mambo yalianza na mipaka ya mashamba. Kisha mwenyekiti akasema, "Na sasa mambo ya shule. Kuna wanaotaka tuandike barua mwalimu yule aondolewe."

Nikasimama. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi, nimeyakariri garini. Wote wakageuka. Mama wa mapera alinitabasamia ili anipe moyo. Nikafungua mdomo nikasema, "Wazazi wangu," kisha nikaona nyuso zao moja moja, nikaona na Shangazi ameketi pembeni ya mlango, mikono mapajani, nikawaza: atabaki nao. Nikanyamaza. Mtu mmoja akakohoa.

Shangazi akasimama.

"Anachotaka kusema ni hiki," akasema. "Mwalimu alipewa chupa na huyu. Rangi ilikuwa ya huyu. Kisima ni changu, nimekifunika mimi na ninyi, na tulijua sote maji yake yanatoka wapi. Tulitaka watoto wetu wapate barabara, na shuleni wanywe maji hayohayo. Mwalimu mwacheni. Kama kuna wa kulaumiwa, huyu ni mtoto wangu, nimemlea mimi, njooni kwangu."

Kisha akaketi, akajipangusa vumbi kwenye kanga, akatazama mbele.

Hakuna aliyepiga kelele, wala aliyeniangalia tena. Mwenyekiti akasema kikao kimeahirishwa, na watu wakatoka wakimpita Shangazi mlangoni, mmoja mmoja, wanawake aliocheza nao utotoni, bila kumgusa bega. Mama wa mapera alitoka wa mwisho. Alisimama mbele yake, nikadhani atasema kitu, kisha naye akapita.

Niliingia garini nikaondoka. Alikuwa ameniambia nitafanya hivyo.

Jumanne, 24 Juni

Mwalimu ameniandikia ujumbe. Watoto hamsini na wanane wamerudi. Anashukuru. Anasema, "Nilijua utawaambia." Sijajibu.

Alhamisi, 3 Julai

Jua kali, masika yamekwisha kabisa. Leo nimempigia Shangazi simu. Alisema hajambo. Nikamwuliza kuhusu mahindi, akasema anavuna. Kule kwetu kuvuna ni kazi ya watu kumi, leo shamba hili, kesho lile. Nikamwuliza anavuna na nani.

"Na mikono yangu," akasema. "Bado ninayo yote miwili."

"Nakuja Jumamosi nikusaidie."

Nilisikia akivunja hindi jingine, na jingine.

"Njoo," akasema. "Ila njoo kwa miguu. Gari lenu wanalijua."

Kutoka barabara kuu ni mwendo wa saa tatu. Nimeomba ruhusa ofisini, na nimenunua panga la kukatia mabua.